Kahawia juu ya kahawia: kupaka alama za kingamwili kwenye vipande vya ngozi

Kijana wa atachi, aliyekuja kujifunza kazi, akija benchi letu, kipande cha kwanza ninachompa akate ni cha wayo. Ngozi ya wayo ni nene, gamba lake la juu hubishana na kisu, na melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) nyingi zilizopita mikononi mwangu hapa Nairobi zimetoka huko: kisigino, pembeni mwa kidole gumba, chini ya ukucha. Mtu mweusi hapati melanoma mara nyingi, lakini akiipata, aghalabu huwa mahali ambapo jua halifiki. Iliyomuua Bob Marley mwaka 1981 ilianzia kwenye kidole cha mguu, chini ya ukucha. Vijana nyimbo zake wanazijua zote, hilo hawalijui.

Mimi ni mwanamaabara wa histolojia, si daktari. Kusoma slaidi na kutia sahihi ripoti ni kazi ya daktari wa patholojia. Yangu ni kuhakikisha rangi anayoiona imekuja kwa haki, na pale pasipo na rangi si kwa sababu mimi nilikosea. Naandika hasa kwa wenzangu wa maabara ndogo zisizo na mashine, wanaopaka kwa mkono. Maafisa wa kliniki nao wasome angalau ile sehemu inayohusu chupa ya kutilia kipande, kwa sababu nusu ya makosa ninayolaumiwa mimi yameanzia kwao.

Swali kwanza

Kingamwili hushika kitu kimoja inachokijua ndani ya seli. Tunaiunganisha na kimeng'enya, kimeng'enya kinageuza kemikali kuwa rangi, na rangi inabaki pale pale iliposhikwa. Basi. Hailitaji neno saratani. SOX10, mojawapo ya alama hizo, ikiwaka kwenye kiini cha seli inataja ukoo tu: huyu ni wa akina melanosaiti (zile seli za rangi ya ngozi), au wa ala ya neva, au wa tezi ya jasho. Haisemi kama mwana wa ukoo huo ni mwizi. Baka la kawaida ulilo nalo tangu utotoni linawaka SOX10 sawasawa na melanoma.

Nimewahi kupokea fomu imeandikwa "alama za saratani ya ngozi, zote". Zote zipi? Kila chupa ndogo ya kingamwili imesafiri kwa ndege ikiwa kwenye barafu, na mgonjwa analipia kila slaidi. Fomu ya namna hiyo huwa siifanyii kazi mpaka nimpigie simu aliyeiandika.

Slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, rangi za buluu na waridi, ndiyo husomwa kwanza. Daktari wangu akishaisoma huja benchini akaniambia, kwa mfano, "Dada, hizi seli ni ndefu kama samaki na hazina weusi wowote. Sijui ni melanoma iliyoficha rangi au ni skwamasi iliyopotea njia." Skwamasi ni saratani ya seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Hilo ni swali. Hilo naweza kulichagulia chupa.

Chupa, ndoo na barafu

Kipande kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa bafa, mara tu kinapotoka mwilini, na formalini iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kipande. Kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kikikaa muda mfupi, katikati hubaki kibichi na alama hushika kingo tu. Kikikaa wiki mbili kwa sababu matatu haikuja au mfuko ulisahaulika mapokezi, antijeni, vile vitu ambavyo kingamwili huvishika, zinafungika mno. Spiriti si formalini. Maji ya chumvi si formalini. Kuna kliniki moja iliyowahi kunitumia kipande cha mguu kwenye mkebe wa siagi, ndani ya maji ya chumvi, safari ya siku mbili. Kilikuwa kimeoza, na mgonjwa alikatwa mara ya pili.

Chupa iwe na mdomo mpana. Kipande kikishakakamaa ndani ya formalini hakipindiki tena kutoka kwenye mdomo mwembamba, na nikikivuta kwa nguvu ninaharibu ukingo ambao daktari anauhitaji kupima. Kama unashuku melanoma, usikwangue juu juu. Unene wake, kile kipimo cha Breslow cha tangu 1970, hupimwa kwa milimita kutoka tabaka la juu lenye chembechembe hadi seli ya uvimbe iliyo chini kabisa, na uliyemkwangua hana chini ya kupimwa.

Kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia vipande, ngozi ya wayo ikunjuliwe kwa subira. Laza uso wa bloku, ile nta iliyobeba kipande, juu ya barafu yenye maji kwa dakika kadhaa ili gamba lilainike, kisha kata mikroni 3 au 4. Na hapa ndipo ninapowakaripia vijana: ukikata slaidi ya kwanza, kata na nyingine nane za akiba papo hapo. Bloku ikitolewa kwenye mashine na kurudishwa kesho, itabidi uisawazishe upya, na kila kusawazisha kunakula nyama. Kwa kipande cha ukucha kilicho kidogo kama punje ya mchele, kusawazisha mara tatu ni kukimaliza.

Tumia slaidi zenye chaji, zile zinazong'ang'ania kipande. Ziweke ovenini kwa nyuzi 60 saa nzima. Za kawaida zitakuangusha: wayo utaelea ndani ya sufuria kama ganda la kitunguu.

Maji ya Nairobi hayafiki mia

Miaka yangu ya mwanzo Melan-A, alama nyingine ya melanosaiti, ilinisumbua hadi nikaanza kushuku chupa. Karatasi ya maelekezo ilisema chemsha slaidi kwenye bafa nyuzi 95 hadi 99 kwa dakika 20. Nilichemsha. Mapovu yalipanda, mvuke ukajaa chumba, slaidi zikatoka hafifu kama chai ya mtu aliyeishiwa majani. Siku moja kijana wa atachi akatia kipimajoto ndani ya sufuria kwa udadisi tu. "Madamu, inachemka lakini imegoma kwenye 94."

Bila shaka iligoma. Mji huu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji hapa huchemka takriban nyuzi 94. Karatasi ile iliandikwa na mtu anayeishi karibu na pwani. Formalini hufunga protini kama kamba zilizofungwa mafundo, na joto ndilo linaloyalegeza. Nyuzi chache zikipungua, mafundo mengine yanabaki.

Dawa yake ni sufuria ya presha, ile ya kupikia maharagwe, lakini iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa maana bafa ya sitreti hula alumini. Nilinunua yangu dukani kama mama mwingine yeyote, nikamwendea fundi wa Kamukunji anitengenezee kitako cha nyaya cha kuinua kreti ya slaidi isiguse chini. Bafa iwe imeshachemka kabla ya kutia slaidi. Funika, subiri presha ijae, kisha hesabu dakika 3. Ndani humo joto linavuka 110 bila taabu. Ondoa motoni, toa presha polepole, ziache zipoe ndani ya bafa yenyewe dakika 20. Tumia jiko la umeme, mbali kabisa na zailini na alkoholi. Stima ikipotea katikati usiwashe gesi humo ndani; zitupe slaidi hizo, uanze tena kwa za akiba. Unaona sasa kwa nini nilisema nane.

Bafa zenyewe ni mbili: sitreti ya pH 6 na Tris-EDTA ya pH 9. Alama nyingi za kiini, SOX10 zikiwemo, kwangu hutoka vizuri zaidi kwenye pH 9. Usiamini, jaribu zote mbili kwa kila chupa mpya.

Joto la chumba nalo lina uongo wake. Maelekezo yanasema kingamwili ikae juu ya kipande dakika 30 "kwa joto la chumba". Chumba gani? Machi na Julai Nairobi si mji mmoja. Julai asubuhi benchi letu ni baridi kiasi kwamba tunafanya kazi na sweta, na alama zote hutoka dhaifu. Siku hizi slaidi zangu hukaa kwenye kontena la plastiki la kuwekea chapati, lenye karatasi zilizoloweshwa chini, ndani ya inkubeta ya nyuzi 25 mwaka mzima.

Mpangilio wenyewe ni mfupi. Toa nta kwa zailini, shuka kwenye alkoholi hadi maji, chemsha, zima vimeng'enya vya mwili wenyewe kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, osha, weka kingamwili ya kwanza, osha mara tatu, weka polima yenye kimeng'enya, osha mara tatu, weka rangi, gusia hematoksilini, funika. Kutoka kuchemsha hadi mwisho kipande kisikauke hata sekunde. Kikikauka ukingoni, ukingo huo utashika rangi ya uongo, na uongo wa ukingoni unafanana sana na ukweli. Hematoksilini iwe nyepesi, nusu dakika inatosha: buluu nzito hufunika alama za kiini.

Chupa ya kingamwili iliyokolea ijaribiwe kwa kuzimuliwa 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400 juu ya tishu unayoijua, uchague ile ambayo seli husika zinawaka na jirani zake zimebaki safi. Ifadhiliwe nyuzi 2 hadi 8, mbali na mlango wa friji.

Weusi juu ya weusi

Hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vingi huigusa kwa sentensi moja, kwa sababu ngozi walizozizoea waandishi wake ni nyeupe.

Rangi tunayoitumia kila siku, DAB, ni kahawia. Melanini nayo ni kahawia. Uvimbe mweusi wa wayo ukipakwa Melan-A kwa DAB, daktari anaangalia kahawia juu ya kahawia na kuulizwa ni ipi. Pamoja na seli za uvimbe kuna makrofaji zilizokula melanini hadi zikavimba. Hizo si melanosaiti, ni wafagizi tu, lakini chini ya hadubini zinang'aa kahawia kama zimepakwa. Mtu mwenye haraka ataziita chanya.

Njia ninayoipenda ni kubadili rangi: nyekundu badala ya kahawia. Kimeng'enya cha alkali fosfatazi na rangi nyekundu, au AEC ukiwa na peroksidazi. Hapo weusi wa mgonjwa unabaki kahawia na alama inakuwa nyekundu, kila mmoja na shati lake. Tahadhari moja ambayo niliilipia: AEC huyeyuka kwenye alkoholi. Mara ya kwanza nilimaliza kupaka slaidi kumi na mbili, zikapendeza, nikazipitisha kwenye alkoholi kwa mazoea ili nizifunike. Nilisimama nikitazama nyekundu yote ikiondoka kama rangi ya kitenge cha bei rahisi. Zifunikwe kwa gundi ya maji.

Kama huna nyekundu, baki na DAB lakini badala ya hematoksilini tumia azua B au Giemsa: melanini inageuka kijani cha buluu, DAB inabaki kahawia. Kuichubua melanini kwa permanganeti ya potasiamu na asidi ya oksaliki ni njia ya zamani na inafanya kazi, ila inaweza kula na antijeni uliyokuwa unaitafuta. Kwangu ni njia ya mwisho, na kontroli, ile tishu ya kulinganishia, ichubuliwe vile vile.

Na uchague alama ya kiini pale unapoweza. Melanini hukaa nje ya kiini, kwenye saitoplazimu. SOX10 hukaa ndani ya kiini. Kiini chekundu ndani ya seli iliyojaa weusi hakibishaniwi, na makrofaji kiini chake hubaki buluu.

Chupa ipi kwa swali lipi

"Je, hii ni ya ukoo wa melanosaiti?" SOX10 na S100 hunasa karibu zote, lakini S100 hushika pia neva, tezi za jasho na seli za Langerhans. Melan-A na HMB-45 ni za uhakika zaidi zikiwaka, ila melanoma yenye nyuzi nyingi, inayofanana na kovu, mara nyingi huzikosa zote mbili na kubaki na S100 na SOX10 peke yake. Ndiyo maana Melan-A ikitoka hasi sifungi faili.

"Ni baka au ni melanoma?" Hapa ndipo pagumu, na hakuna chupa moja inayojibu. HMB-45 kwenye baka la kawaida huwaka juu na kufifia kadiri unavyoshuka. Kwenye melanoma huwaka mabaka mabaka hadi chini. Ki-67, inayoonyesha seli zinazogawanyika, huwa chache sana kwenye baka. Zikionekana nyingi na tena chini kabisa, daktari hukunja uso. Lakini limfosaiti, askari wa kinga ya mwili, nazo hugawanyika, na kwenye uvimbe uliojaa limfosaiti unaweza kuhesabu askari ukidhani ni wezi. Mimi hupaka Ki-67 kahawia na Melan-A nyekundu kwenye slaidi moja, ihesabiwe seli iliyo na zote mbili tu. p16 ikipotea kabisa huongeza shaka. PRAME ndiyo mgeni wa karibuni: mwaka 2018 watafiti wa New York walionyesha kwamba melanoma za msingi 83 kwa 100 huwaka kwa wingi, zaidi ya robo tatu ya seli, huku mabaka 86 kwa 100 yakiwa hasi kabisa. Soma tarakimu hizo pande zote mbili. Zilizobaki 17 ni melanoma ambazo PRAME haikuwaka hivyo.

"Ni besali au ni skwamasi?" Ber-EP4 huwaka kwenye besali, saratani ya seli za msingi wa tabaka la juu la ngozi, na kukosa kwenye skwamasi, EMA hufanya kinyume. Besali kwenye ngozi nyeusi mara nyingi ina weusi na hutumwa kwetu ikishukiwa melanoma. SOX10 itaonyesha melanosaiti chache zilizonaswa kati ya visiwa vya uvimbe, na kijana ataandika "chanya". Angalia ni nani anayewaka: seli za uvimbe, au wapangaji wake?

Kwa watu wenye ualbino, saratani tunayoipokea zaidi ni skwamasi, usoni, masikioni na mikononi, kazi ya jua. Ikiwa na seli ndefu zisizo na umbo la kueleweka, p40 na CK5/6 huirudisha nyumbani. Lakini usiiache melanoma nje ya orodha. Wenye ualbino wana melanosaiti kama mtu mwingine, kinachokosekana ni utengenezaji wa rangi. Melanoma yao inaweza kuwa ya waridi kabisa, na SOX10 na Melan-A hufanya kazi kwao bila shida. Tena kwao DAB ya kawaida inatosha.

Kaposi sakoma, ambayo maabara yoyote ya Kenya inaijua, ina chupa yake: LANA-1, inayoshika protini ya kirusi cha HHV-8 kilichogunduliwa mwaka 1994. Hutoka kama vitone vidogo vya kahawia ndani ya kiini, si kiini kizima. ERG na CD34 zitakuambia tu kwamba ni seli za mishipa ya damu, jambo ambalo hata kinyama cha kawaida cha kidonda kinachovuja damu kinalo. Saratani ya seli za Merkel ni nadra. Nikipewa uvimbe wa seli ndogo za buluu natoa CK20, inayoweka kitone kando ya kiini, pamoja na TTF-1, ambayo ikiwaka daktari huomba picha ya mapafu.

Kontroli

Kila kundi la slaidi liende na tishu inayojulikana ni chanya na slaidi moja isiyotiwa kingamwili ya kwanza. Lakini kontroli bora ya ngozi imo ndani ya ngozi yenyewe. Melanosaiti za kawaida zimepangwa chini ya tabaka la juu, moja hapa moja pale. SOX10 na Melan-A zisipowaka hapo, matokeo hasi kwenye uvimbe hayana maana yoyote. S100 itafutwe kwenye neva ndogo za dermisi, EMA kwenye tezi za jasho. Mimi huangalia hayo kwanza, kabla hata sijatazama uvimbe, na slaidi isiyopita haimfikii daktari. Amewahi kuniambia, "Dada, niletee tu nione." Sikumletea.

Na kwenye karatasi inayokwenda na slaidi usiandike "chanya" peke yake. Andika seli zipi, kiini au saitoplazimu, takriban ngapi kwa mia, nguvu kiasi gani, rangi ipi uliyotumia, na kama kontroli ya ndani imewaka.

Slaidi za akiba zisizopakwa huzeeka. Baada ya miezi kadhaa antijeni nyingine hufifia hata zikikaa kwenye friji. Bloku haizeeki hivyo. Mzee mmoja aliyeletwa kutoka Makueni na kidonda cha kisigino, alichokuwa amekitibu muda mrefu akidhani ni mwiba, alirudi mwaka uliofuata na uvimbe kwenye kinena. Bloku yake ya kwanza ilikuwa kwenye droo, ikiwa bado na nyama ya kutosha. Nilikata upya, nikabandika kipande cha kisigino na kipande cha tezi ya kinena kwenye slaidi moja, SOX10, rangi nyekundu, dakika 3 kwenye presha. Vikawaka vyote viwili, na melanosaiti za kawaida kando ya kisigino nazo zikawaka, moja hapa, moja pale.